Mdundo Wake, Malipo ya Mwingine

Kijana wangu aliiweka simu mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja, akasema, "Shangazi, hebu isome wewe. Mimi nimeisoma hadi imeanza kunichekesha."

Ilikuwa arifa fupi ya YouTube. Video yake ya mzee mmoja anayeshona jarife, yaani wavu wa kuvulia samaki, ufukweni Msambweni, pwani ya Kenya, ambayo ndiyo iliyopendwa zaidi kati ya zote alizowahi kupandisha, ilikuwa imedaiwa. Haikuondolewa mtandaoni wala chaneli yake haikupewa onyo, na watazamaji wangeendelea kuitazama pasipo kujua kwamba kuna jambo. Kilichobadilika ni mahali pa kupelekwa fedha: mapato ya matangazo yanayoitangulia video hiyo, na ya yale yanayoikatiza katikati, yangekwenda kwa mdai. Chini ya maelezo hayo palikuwa na jina la wimbo tusioujua, jina la kampuni ya usambazaji wa muziki iliyoko ng'ambo, na mahali hasa ambapo wimbo huo unasikika, yaani tangu mwanzo hadi sekunde ya 41, kisha tena mwishoni, wakati mzee anapokata uzi kwa meno.

Sekunde hizo 41 ni gitaa lake mwenyewe.

Nina hakika kwa sababu lilipigwa barazani kwangu, masika ya mwaka juzi, naye amejifunika blanketi pamoja na simu ya kurekodia ili kishindo cha mvua juu ya mabati kisiingie. Nilimpelekea chai mara mbili na mara zote mbili alinifukuza. Leo mtu mwingine, au kitu kingine, kinasema kwamba sauti ile ni yake, na mtandao unaohifadhi video ya kijana wangu umekubali bila kumuuliza neno.

Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka rohoni. Nimelizungusha huku na huku, nikisoma sheria na masharti ambayo kwa kawaida mtu huyapitisha kwa kubofya tu, na kila nilipodhani nimempata mkosaji, mkosaji huyo aliniponyoka.

## Sanduku la posta la shule

Wanaosema kwamba vijana wanapata fedha za bure mtandaoni hawajaiona njia yenyewe. Tangu Januari 2018, YouTube haimlipi mtu fungu la matangazo mpaka awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au, kwa wa video fupi tangu 2023, kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Sharti lililotangulia, la Aprili 2017, lilikuwa jepesi zaidi: kutazamwa mara 10,000 tangu chaneli ianze. Kwa anayepiga muziki wa kucheza, saa 4,000 si mlima. Kwa anayerekodi wazee wakishona nyavu, wakichonga makasia na kueleza upepo wa kusi unavyobadilisha mahali pa kutega, saa hizo ni miaka.

Alipovuka ngazi hiyo ikaja barua. Barua ya karatasi, nasema. Mapato yakifikia dola 10, kampuni hutuma kwa posta tarakimu za siri za kuthibitisha anwani ya mpokeaji, na bila hizo malipo hayatoki. Anayebuni utaratibu wa namna hii anaishi mahali ambapo kila mlango una namba na mleta barua. Huku kwetu anwani ni sanduku la posta, na sanduku ni la shule, la msikiti, la kanisa au la mwajiri. Kijana aliandika sanduku la shule ya msingi aliyosoma. Barua ikakaa katika kabati la mwalimu mkuu hadi likizo ikaisha, kwa kuwa hakuna aliyetambua kwamba mwanafunzi aliyeondoka zamani bado anaweza kuandikiwa kupitia pale.

Kisha kuna kiwango cha dola 100, ambacho mapato yasipokifikia hayatumwi. Kuna mgawanyo: asilimia 55 ya fedha za matangazo kwenye video za kawaida ni ya mwenye chaneli, na katika video fupi ni asilimia 45 ya fungu lake baada ya hesabu za muziki kufanywa. Kuna kodi ya Marekani, ambayo tangu Juni 2021 hukatwa kwa walioko nje ya nchi hiyo kutokana na fedha zinazoletwa na watazamaji wa Marekani. Na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, makato hayo hufika asilimia 30. Bunge letu nalo halikubaki nyuma, maana Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya malipo ya maudhui ya kidijitali, baada ya mswada kuanza kwa kudai 15.

Makato haya yanauma mahali ambapo wengi hawapaoni. Tangazo linaloonyeshwa kwa mtazamaji aliyeko Ukunda huleta senti kidogo kuliko lile analoonyeshwa Mswahili aliyehamia Minnesota au London, na video za uvuvi hupendwa sana na watu waliotoka pwani zamani wakaishi mbali. Wao ndio wanaomlipa hasa, na sehemu ile ya Marekani ndiyo inayokatwa theluthi nzima kasoro kidogo.

Yote hayo alikuwa ameyavumilia. Dai likaja baada ya malipo yake ya kwanza.

## Walipaji wa kwanza

Ni vyema kukumbuka kwamba YouTube haikuwa ya kwanza kuwagawia watunzi huru. Ilianza mwaka 2005, ikanunuliwa na Google mwaka 2006 kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65, lakini mpango wake wa washirika ulianza mwaka 2007. Wakati huo kulikuwa na tovuti ndogo zilizokwisha kuonyesha njia. Blip, iliyoanzishwa mwaka 2005, iligawana matangazo nusu kwa nusu na waandaaji wa vipindi vya mtandaoni. Revver, ya mwaka huohuo, ilifanya jambo ambalo hadi leo naliona la busara: ilibandika tangazo ndani ya video yenyewe, kiasi kwamba hata watu wakiichukua na kuipeleka kwingine, tangazo lilikwenda nayo, na likibofywa, nusu ya fedha ilimfikia aliyeitengeneza. Wamarekani wawili waliorusha chemchemi za soda kwa peremende za minti mwaka 2006 walijipatia maelfu ya dola kwa njia hiyo.

Revver iliuzwa mwaka 2008 kisha ikafifia. Blip ilifungwa Agosti 2015. Watazamaji walikuwa kwingine, na asilimia nzuri ya fedha ambayo haipo haimjazi mtu sufuria.

Ninachokitamani kutoka kwa tovuti hizo si mgawanyo wao. Ni ile dhana kwamba fedha iambatane na kazi yenyewe. Mfumo ulioshinda unafuata njia nyingine kabisa, na hapo ndipo kijana wangu alipokwama.

## Mashine na rejista

Machi 2007 kampuni ya Viacom iliishtaki YouTube nchini Marekani ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 1, kwa hoja kwamba tovuti hiyo ilijaa vipindi vyake vilivyopandishwa na watu wasiohusika. YouTube ilijikinga kwa sheria ya Marekani ya 1998, ambayo haimtwiki mwenye mtandao lawama ya yale wanayopandisha watumiaji iwapo huyaondoa upesi anapoarifiwa. Kesi hiyo ilikwenda mahakamani na kurudi, ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2014. Mwaka uleule iliofunguliwa, YouTube ilianzisha mfumo wa Content ID.

Ufanyaji kazi wake unaelezeka kwa maneno machache. Mwenye kazi huikabidhi kwa mfumo, mfumo huchukua alama za utambulisho wa sauti au picha, halafu kila video inayopandishwa hulinganishwa na alama hizo. Zikilingana, mwenye kazi anaweza kuizuia video, kuiacha huku akifuatilia takwimu zake, au kuiacha ikitazamwa na kujichukulia mapato ya matangazo. Wengi huchagua hili la tatu.

Lakini si kila mtu anayeruhusiwa kukabidhi. Content ID imefunguliwa kwa maelfu machache ya kampuni zenye hazina kubwa ya kazi: studio za filamu, lebo za muziki, vituo vya televisheni, na wasambazaji wanaokusanya nyimbo za wasanii wadogo. Mtu mmoja mwenye gitaa na blanketi hana mlango wa kuingilia ila kupitia msambazaji. Katika miezi sita ya mwanzo ya 2021, kwa takwimu za YouTube yenyewe, madai yaliyotolewa kupitia mfumo huu yalizidi milioni 722, na zaidi ya asilimia 99 kati yake yalitolewa na mashine bila mtu kuitazama video. Yaliyopingwa hayakufika asilimia 1. Katika yale yaliyopingwa na kumalizika, asilimia 60 yaliamuliwa kwa faida ya aliyepandisha video.

Nimeikodolea macho hiyo asilimia 60. Kampuni huisoma takwimu ya kwanza kwa furaha, kwamba kama watu 99 katika 100 hawalalamiki basi mfumo ni sahihi. Mimi naisoma ya pili. Anayethubutu kupinga hushinda mara nyingi kuliko anavyoshindwa, na walio wengi hawathubutu, kwa kuwa hawajui Kiingereza cha fomu, au wanaogopa kupoteza chaneli, au fedha zenyewe ni kidogo kuliko bando la kuzifuatilia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, limeandikwa vizuri, tena linasomwa kwa kasi ambayo hakuna karani angeiweza. Linasema tu nani aliandikisha. Swali la nani alitunga halina safu.

## Fedha zinazosubiri mwenyewe

Ikiwa kuna mtu anadhani natia chumvi, na asikilize ya Arizona. Kuanzia mwaka 2017, wanaume wawili walijipatia nafasi ndani ya Content ID kupitia kampuni ya kati, wakidai kwamba wao ndio wenye nyimbo zaidi ya 50,000. Nyimbo hizo, nyingi zikiwa za wanamuziki wa Amerika ya Kilatini, hazikuwa zao. Walichokifanya ni kutafuta kazi ambazo zilikuwa zikisikilizwa na watu wengi lakini hazikuwa na mtu aliyeziandikisha ili kukusanya mapato yake. Katika miaka minne walikusanya zaidi ya dola milioni 23. Walifunguliwa mashtaka mwaka 2021, wakakiri, na mwaka 2023 mmoja wao akahukumiwa kifungo cha karibu miaka sita.

Hawakuvunja kufuli lolote. Walikwenda dirishani wakajaza fomu.

Basi nilipoisoma habari hiyo nikawa na uhakika kwamba ndiyo iliyotupata. Nilimpigia kijana simu usiku, nikamwambia kuna majambazi ya mtandaoni yanayookota sauti za watu wasio na kampuni na kuziandikisha, nayo yameokota ya kwake. Alinisikiliza kwa adabu. "Inawezekana, shangazi," alisema, "lakini sauti yangu ilikuwa kwenye video tatu tu. Waliionaje?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko hasira yangu.

## Sauti tuliyoifahamu

Wimbo uliotajwa katika arifa hatukuupata siku ya kwanza, kwa sababu jina lake ni la kawaida na nyimbo zenye jina hilo ni nyingi. Nilipoupata hatimaye katika huduma moja ya kusikiliza muziki, niliweka spika za masikioni nikasubiri. Gitaa lilianza, lilelile, na hata ule mkwaruzo mdogo wa uzi kwenye mpigo wa tano nikausikia. Halafu akaingia mwimbaji.

Nilimtambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Ameshakula kwangu Idi mbili mfululizo.

Ni rafiki wa kijana wangu tangu madrasa. Alipokuwa akitafuta biti, yaani mdundo wa kuimbia, ya wimbo wake wa kwanza, kijana alimpa ile ya barazani, akamwongezea ngoma na besi kwenye kompyuta ya jirani, na kwa kazi hiyo akapewa shilingi 3,000 na nauli ya kwenda Ukunda. Hawakuandikiana kitu. Kati ya marafiki nani angetoa kalamu? Mwimbaji akalipeleka faili kwa jamaa mmoja mwenye duka la kompyuta anayewafungulia wasanii akaunti kwa wasambazaji wa ng'ambo, na jamaa huyo, katika kujaza fomu, akaweka alama penye kisanduku kinachouliza kama msanii angependa wimbo wake ulindwe kwenye mitandao ya video. Nani angekataa kulindwa? Kutoka hapo mashine ikaanza kuwinda gitaa lile popote lilipo, ikalikuta katika video ya mzee na jarife lake.

Tulipomwita na kumweleza, mwimbaji alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Hakujua kama kuna dai. Hakuwa amepokea hata senti, kwa sababu akaunti ile si yeye anayeishika. Barua pepe iliyotumika ni ya mwenye duka, na neno la siri analo mwenye duka.

Kwa hiyo fedha za video iliyorekodiwa na mmoja, kwa muziki wa huyohuyo, zimekwenda kwenye akaunti ya wa pili, ambayo funguo zake ziko kwa wa tatu, asiyeshona wala kupiga chochote. Na hakuna aliyekusudia kuiba.

## Kuruhusu na kumilikisha

Wengi walioisikia habari hii wameniambia kwamba kosa ni la kijana, kwa kuwa aliuza biti. Sikubaliani nao, na sheria iko upande wangu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, katika kifungu cha 33, inasema kwamba kuhamisha hakimiliki, au kutoa ruhusa ya pekee kwa mtu mmoja, hakuna nguvu mpaka kuandikwe na kutiwa saini na anayehamisha. Ruhusa isiyo ya pekee yaweza kutolewa kwa mdomo, au hata kufahamika kutokana na mwenendo wa watu. Maana yake ni kwamba zile shilingi 3,000 zilimnunulia mwimbaji haki ya kuimba juu ya gitaa lile. Hazikumpa gitaa, wala haikuwezekana zimpe, kwa kuwa hakuna karatasi.

Wala kijana hakuhitaji kwanza kujiandikisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ili awe mwenye kazi. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, na chini ya mkataba huo haki huzaliwa pamoja na kazi. Usiku ule wa mvua ulitosha.

Basi tuna mifumo miwili inayotazamana bila kusalimiana. Mmoja unasema aliyetunga ndiye mwenye haki, hata kama hana cheti. Wa pili unamlipa aliyeandikishwa, hata kama hakutunga. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo. Tunazijua familia zilizozika mababu wanane katika shamba moja, minazi wameipanda wao, visima wamechimba wao, kisha siku moja anakuja mtu na hati ya ardhi ile, na hati ni halali kabisa.

Mgogoro wa midundo si mgeni kwetu. Mwishoni mwa 2019, wimbo wa Harmonize uitwao "Uno" uliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kulalamika kwamba mdundo wake ulitokana na "Dundaing", aliouandaa yeye kwa ajili ya King Kaka. Baadaye wimbo ukarudishwa. Nakumbuka mjadala wa wakati ule uligeuka haraka ukawa wa Kenya na Tanzania, nani anamwonea wivu nani, na watu wakafurahi sana kutukanana. Suala la nani ana haki gani katika mdundo, na limeandikwa wapi, halikupata hata robo ya kelele hizo, ingawa ndilo linalowagusa maprodyuza wote wanaouza biti kwa kupeana mkono, kuanzia Eastleigh hadi Temeke.

Tofauti ni kwamba wale walikuwa na majina. Mmoja akilalamika, redio zinamsikia.

## Fomu inayokupeleka California

Nilimsaidia kijana kuandika pingamizi. Anayepinga ndani ya siku 5 tangu dai litolewe, mapato ya tangu siku ya kwanza huwekwa kando mpaka shauri liishe. Akichelewa, huanza kuwekwa siku anayopinga, na yaliyotangulia yameshakwenda. Mdai ana siku 30 za kujibu. Asipojibu, dai hufa lenyewe. Akilikataa pingamizi, anayepinga anaweza kukata rufaa, na rufaa ndiyo inayotisha, kwa kuwa mdai akishikilia msimamo anaweza kuomba video iondolewe kabisa, na hapo chaneli hupata onyo la hakimiliki, lile ambalo vijana huliita straiki. Straiki tatu ndani ya siku 90 zinatosha kuifunga chaneli pamoja na kila kilichomo.

Na ukipewa straiki ukaamua kuikana, unajaza tamko rasmi. Katika tamko hilo unatoa jina lako halisi na anwani yako, ambavyo atapelekewa huyo unayegombana naye, na kama unaishi nje ya Marekani unakubali kwamba shauri linaweza kusikilizwa na mahakama ya shirikisho ya eneo ilipo kampuni, yaani kaskazini mwa California. Kijana alisoma sentensi hiyo kwa sauti, polepole, akanitazama.

"Mimi hata Nairobi nimefika mara moja, shangazi."

Sheria yetu ya hakimiliki, baada ya marekebisho ya 2019, ina utaratibu wake wa notisi za kuondoa kazi mtandaoni, na imefanya kutoa notisi ya uongo kwa makusudi kuwa kosa la jinai. Ni hatua nzuri. Lakini sisi hatukuwa na muongo wa kumshtaki. Tulikuwa na rafiki aliyetaka kuliondoa dai na hakuweza, msambazaji aliyejibu kwa barua za mashine, na mwenye duka aliyesema neno la siri alilisahau, kisha akalikumbuka alipoambiwa kwamba anachokidai kupitia akaunti hiyo si chake.

Dai limeondolewa. Kwa video hiyo moja. Wimbo wenyewe bado umo katika rejista pamoja na gitaa lote lililomo ndani yake, na video ijayo itakayofunguliwa kwa sekunde zile 41 itanaswa vilevile, mpaka msambazaji akubali kutenganisha sauti ya mwimbaji na sauti ya chini yake, au autoe wimbo katika Content ID. Tumeomba hayo yote mawili. Nashangaa kwamba kisanduku kile cha "kulindwa" kinaweza kuwekwa alama bila mtu kutakiwa kuonyesha hata picha ya makubaliano na aliyepiga ala. Msambazaji hupata asilimia yake, mtandao hupata yake, na gharama ya kuhakikisha imeachwa kwa asiyelipwa. Kama kuna sheria moja ningeomba Bunge liitunge badala ya kodi, ni kwamba anayeandikisha sauti ili imtozee fedha kila inaposikika abebe yeye mzigo wa kuthibitisha umiliki kabla, si aliyetozwa baada.

## Karatasi ya kati ya daftari

Jumapili iliyopita wawili hao walikaa barazani kwangu na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Kipengele cha kwanza hakikuchukua muda: gitaa ni la aliyelipiga, mwimbaji ameruhusiwa kulitumia katika wimbo huo mmoja, na video za uvuvi hazitadaiwa kamwe. Cha pili kilichukua saa nzima. Kijana alitaka nusu ya mapato ya wimbo, mwimbaji akasema maneno ni yake, sauti ni yake, na aliyekopa fedha za studio ni yeye, hivyo theluthi inatosha. Wakakutana kwenye asilimia 40. Kwamba akaunti ihamishiwe barua pepe ya mwimbaji mwenyewe, na kwamba kila mmoja aone taarifa ya mapato kila mwezi, walikubaliana bila maneno mengi.

Walishindwa penye kipengele cha mwisho. Katika miezi ambayo dai lilisimama, kuna fedha zilizokusanywa kutokana na video ya jarife. Tumeiona taarifa: ni dola 61 na senti kadhaa, na zimeshatolewa. Mwimbaji anasema hakuzigusa, kwa hiyo hawezi kuzirudisha. Kijana anasema hana haja ya kujua nani alizigusa, kwani ziliingia kwa jina la wimbo wa mwenzake. Mwenye duka, tuliyempigia tukiwa palepale, amesema fedha hizo ni malipo ya kazi yake ya kufungua akaunti, na kwamba kama kuna mkataba unaosema vinginevyo, aonyeshwe.